Mtoto Akiumia Wiki ya Mtihani

(Maneno ya mazungumzo na wazazi na walezi wa Mishomoroni)

 

Tumewaita kwa jambo ambalo wengine wenu mtasema ni dogo mno: mtoto amejikata kidole, au ameungua, au ameteguka mguu, na kesho yake ana mtihani. Ni dogo kweli. Lakini sisi tunaozunguka majumbani, kutoka hapa Mishomoroni hadi Junda na Bakarani, tumeona kwamba majeraha madogo huharibika zaidi katika wiki hiyo kuliko wiki nyingine zote za mwaka. Siku za kawaida mtoto akijikata, analia, mama anakuja mbio, anaoshwa, yamekwisha. Wiki ya mtihani mtoto halii. Ananyamaza. Na mzazi naye akiona, mara nyingi hunyamaza pia.

Mitihani ya kitaifa huangukia mwisho wa Oktoba na Novemba. Mnaijua miezi hiyo hapa kwetu. Mvua za vuli zimeanza, vichochoro ni tope na utelezi, maembe yameanza kuiva na kila kijana yuko juu ya mti. Shule zimefunga kwa wale wasio na mtihani, kwa hivyo nyumba imejaa watoto, mmoja tu ndiye anayetakiwa kusoma na wengine wanacheza mpira mlangoni kwake. Si ajabu mtu akiumia.

Tuanze na kisa kimoja. Jina la mtoto hatutalitaja. Alikuwa Gredi ya 9, na mamake anauza mahamri na mbaazi karibu na stejini. Kila siku saa kumi alfajiri huamka wote wawili, mama anasukuma, binti anachoma. Jumanne ya wiki ya mtihani hamri moja liliteleza kwenye mwiko, likaanguka ndani ya karai, mafuta yakamrukia mkono wa kulia, juu ya vidole. Msichana akaenda nyuma ya nyumba, akapaka dawa ya meno, akavaa sweta ya mikono mirefu, akaenda shule. Mama aliona. Alituambia mwenyewe kwamba aliona, lakini wiki ile nzima alikuwa akiambiwa na kila mtu asimsumbue mtoto mawazo yake, basi akasema moyoni, akirudi jioni nitamtazama.

Ilipofika katikati ya karatasi ya kwanza mtoto hawezi kushika kalamu. Vidole vimefura, dawa ya meno imekauka kama chokaa juu ya malengelenge. Akaandika hivyo hivyo, kalamu ameishika kwa kiganja. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu jioni ndipo alipopelekwa kituo cha afya, na kidonda kina usaha. Alifungwa bendeji wiki kadhaa. Mkono ulipona, ila kovu lipo.

Tulipomuuliza kwa nini hakusema, alisema hivi: "Nilijua mwalimu ataniambia nirudi nyumbani, na mamangu atadhani nimejichoma makusudi nisifanye mtihani."

Hebu yatazameni maneno hayo vizuri. Huyu mtoto hakuogopa maumivu. Aliogopa mambo mawili, kufukuzwa na kushukiwa. Na yote mawili ni sisi wakubwa tuliyomtia kichwani, pengine bila kujua. Mtoto aliyesikia tangu Januari kwamba asipopita huu ndio mwisho wake, atauficha hata mguu uliovunjika.

Hofu hii tumeirithi. Wengi wetu hapa tulifanya KCPE, mtihani ulioanza mwaka 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika miaka yake siku tatu ndizo zilizoamua mtoto ataingia shule gani, na kwa wengi kama ataingia shule yoyote. Aliyeugua siku hizo alipata hasara ya kweli. Lakini mambo yamebadilika, na sisi bado tunawatisha watoto kwa mtihani wa zamani. Mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6, ulioanza mwaka 2022, haumzuii mtoto yeyote kuingia Gredi ya 7. Ule wa KJSEA wa Gredi ya 9, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 2025, una uzito zaidi, lakini nao hausimami peke yake. Katika kupangiwa shule ya sekondari ya juu, KJSEA ni asilimia 60, KPSEA aliyofanya zamani ni asilimia 20, na kazi alizofanya shuleni Gredi ya 7 na ya 8 ni asilimia 20 nyingine. Hatusemi mtihani si kitu. Tunasema mtoto ajue mapema, kwa kinywa cha mzazi wake mwenyewe: "Ukiumia, niambie. Sitakugombeza, na mtihani wako hautapotea kwa kuniambia." Semeni maneno hayo Jumapili kabla ya mtihani. Msingoje aumie.

Sasa turudi kwenye mkono ulioungua, kwani hapa Mishomoroni kuungua ndiko kunakotuletea taabu zaidi. Jiko liko chini, nyumba ni chumba kimoja, kuna karai la mafuta, kuna uji, kuna bomba la moshi la bodaboda ambalo mtoto hushuka na kuligusa kwa ndama ya mguu. Dawa ya kwanza ni maji ya kawaida ya baridi, na si kumwagia mara moja tu ukaacha. Ni dakika 20. Tunajua maji hapa yananunuliwa kwa mtungi na mwenye mkokoteni haji kila siku. Basi kama huna bomba, tia mkono ndani ya beseni safi lenye maji, yakianza kupata joto yabadilishe, au mimina kidogo kidogo kwa kata. Nusu ya mtungi wa lita 20 yatosha. Vua pete, bangili na saa kabla mkono haujafura. Barafu usiweke, inaumiza ngozi zaidi. Dawa ya meno, yai, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, asali ya dukani, vyote hivyo viacheni jikoni. Vinafunga joto ndani na vinaleta uchafu, na muuguzi atakapovibandua mtoto atalia mara ya pili. Malengelenge msiyatoboe. Funika kwa kitambaa safi kisicho na manyoya, kisha nenda zahanati. Kuungua kwa kiganja na vidole kutazamwe na muuguzi siku hiyo hiyo hata kama kunaonekana kudogo, na vilevile kuungua kwa uso, kwa viungo vinavyokunjwa, kwa sehemu za siri, au popote palipo pakubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe.

Na kabla ya hayo yote, wiki hiyo mtoto wa mtihani asikae karibu na karai. Mama mmoja hapo mbele anatikisa kichwa, na tunamwelewa. Mahamri ndiyo karo, ndiyo kodi ya nyumba. Huwezi kufunga biashara wiki nzima. Lakini wako akina mama wa chama kimoja hapa waliopatana vizuri: wiki ya mtihani wa mtoto wa mwenzao, mmoja wao huja alfajiri kumshika mkono, na zamu yake ikifika naye hushikwa. Wengine hupunguza, wanakanda kilo mbili za unga badala ya nne. Ni hasara ndogo inayojulikana kiasi chake. Ile nyingine haijulikani kiasi.

Tuje kwenye kujikata. Kisu, kipande cha bati, chupa iliyovunjika uwanjani, na kwa wale wanaoshuka mkondoni maji yakitoka, chaza walioganda kwenye mizizi ya mikoko. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi, inua mkono juu, na usifungue kuchungulia mpaka dakika 10 ziishe. Wengi wetu tunafungua kila dakika kuona kama imekoma, ndiyo maana haikomi. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake, cha kwanza usikitoe. Damu ikikoma, osha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, yawe maji ambayo ungeweza kunywa. Maji ya kisima ya chumvichumvi ukiwa huna mengine yachemshe, yapoe, uoshee hayo. Kidonda kikiwa na tope la mkondoni kioshe mpaka uone nyama safi. Mafuta ya taa, majivu, kahawa, tumbaku, hapana. Na kuna hili la kufungua kapsuli ya dawa na kumwaga unga wake ndani ya kidonda. Tumelikuta nyumba nyingi. Unga ule unakuwa ganda juu, na chini yake kidonda kinaoza kimya kimya. Kidonda kilichopanuka midomo, au kirefu, au mtoto hawezi kukunja au kukunjua kidole, hicho kinataka kushonwa, na kushonwa kuna saa zake. Ukingoja karatasi ya mwisho ya Ijumaa, daktari atakwambia umechelewa.

Msumari. Hapa tuongee polepole kidogo. Msumari unaingia unyayoni, unatoka, damu ni tone moja, mtoto anavaa kiatu anakwenda. Kwa macho ni kidogo kuliko yote tuliyoyataja. Lakini tundu jembamba lililoingia ndani ndilo nyumba ya vijidudu vya pepopunda. Vijidudu hivyo hukaa ardhini na kwenye mavi ya wanyama, kwa hivyo hata msumari usio na kutu, hata mwiba, unaweza kuvileta. Dalili huanza mara nyingi baada ya siku 3 hadi 21. Mnaelewa maana yake? Mtihani umekwisha, mtoto yuko likizoni, mzazi amesahau habari ya msumari, kisha siku moja taya linakaza, hawezi kufungua kinywa. Sindano ya pepopunda ni jambo la dakika chache na inaweza kupigwa jioni baada ya karatasi. Watoto wetu hupigwa chanjo wakiwa wachanga, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, lakini kinga ile hupungua kwa miaka, na mtoto wa miaka 12 au 15 huenda anahitaji kuongezewa. Nenda na kijitabu cha kliniki, muuguzi ataamua.

Kuteguka mguu tutapita haraka. Apumzishe mguu, ainue juu ya mto, aweke kitambaa cha maji baridi kwa dakika 15 au 20 mara kadhaa kwa siku, afungwe bendeji isiyobana sana. Siku mbili za kwanza msimkande kwa maji moto wala msimpeleke kwa mzee wa kuvuta viungo. Asipoweza kukanyaga hatua nne, au ukigusa mfupa anaruka, ni eksirei. Shuleni aombewe kiti cha karibu na mlango na awahi kutoka nyumbani, asikimbizane na matatu kwa mguu mmoja.

Kichwa ni habari nyingine. Kijana ameanguka kutoka mwembeni, ameinuka, amecheka, amekwenda kusoma. Pengine ni nundu tu. Lakini mtazameni siku hiyo na ya pili yake. Akitapika zaidi ya mara moja, kichwa kikizidi kumuuma badala ya kupoa, akiwa na usingizi mzito hata kuamshwa ni taabu, akiongea maneno yasiyoshikana, akipata degedege, maji au damu ikimtoka sikioni au puani, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyenzake, huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa tisa ya usiku na mtihani ni saa mbili asubuhi. Afadhali muwe mmevuka Daraja la Nyali usiku barabara ikiwa nyeupe kuliko kukwama kwenye foleni ya asubuhi na mtoto amelegea mapajani. Hapa hakuna cha kusema tungoje amalize karatasi ya kwanza. Baba mmoja alituuliza juzi, "Na akikosa huo mtihani?" Tulimjibu kama tunavyowajibu nyinyi: amekosa mtihani.

Mbwa vilevile. Akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, hata mbwa wa jirani mnayemjua, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa saa, kisha hospitali siku hiyo. Sindano za kichaa cha mbwa ni kadhaa na zina tarehe zake, wala msiruke hata moja kwa sababu tarehe imeangukia siku ya Hisabati. Ugonjwa ule ukishaonyesha dalili, hauponyeki.

Sasa dawa. Wiki ya mtihani maduka yetu huuza tembe kama peremende. Ya maumivu, Panadol inatosha, kwa kipimo kinachofuata uzito na umri wa mtoto kama kilivyoandikwa kwenye pakiti. Aspirini si ya watoto. Na tahadharini na Piriton. Wazazi huwapa watoto kidonda kikiwasha, na tembe ile inaleta usingizi. Mtoto anasinzia juu ya karatasi na mkono wake mzima kabisa.

Tumebakisha upande wa shule, nao ndio watu wasioujua. Mtoto akiumia usiku wa kuamkia mtihani, mpigieni mwalimu mkuu usiku huo huo. Msimtume mtoto aende akajieleze mlangoni. Mwalimu mkuu ndiye msimamizi wa kituo cha mtihani, na ndiye mwenye njia ya kufika kwa Baraza la Mitihani la Kitaifa. Mnakumbuka kila mwaka tunasikia katika redio habari za watahiniwa waliofanyia mtihani hospitalini, wengine kitandani baada ya ajali, na hata wasichana waliojifungua usiku wakaandika asubuhi, msimamizi na askari wakiwa pale. Hao hawakupata upendeleo kwa kujuana na mtu. Mtu alisema mapema, basi. Mtoto ambaye mkono wa kuandikia umefungwa bendeji, kitakachofanyika kitaamuliwa na Baraza, si mzazi wala mwalimu wa darasa, na sisi hatuwezi kuwaahidi jibu. Tunachojua ni kwamba asiyesema haombewi chochote. Chukueni karatasi kutoka zahanati inayoeleza jeraha, yenye mhuri na tarehe. Bila ile karatasi, mwalimu ana maneno tu ya kupeleka.

Na mwalimu akimwona mtoto wako anashika kalamu vibaya, akakupigia simu, usimjibu kwa ukali. Tumesikia wazazi wakisema, "Mwacheni afanye, nimelipa pesa." Mwalimu yule akikatishwa moyo mara moja, mwaka ujao atatazama kando.

Kuhusu gharama: waliojiandikisha SHA, ile iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, watazame majina ya watoto yamo. Wengi wamejiandikisha wenyewe wakawaacha watoto nje, na hawajui mpaka wafike dirishani. Ulizeni pia zahanati iliyo karibu nanyi inafungwa saa ngapi, na usiku mtakwenda wapi, na bodaboda gani mnayemwamini ana simu iliyo wazi usiku. Haya yaulizeni wiki hii, watoto wakiwa wazima.

Leo jioni, kabla ya kulala, tafuteni vitu hivi muweke ndani ya mkebe mmoja: kipande cha sabuni kipya, vitambaa viwili vya pamba vilivyofuliwa na kupigwa pasi (leso kuukuu ikikatwa inatosha), bendeji moja, plasta, pakiti ya Panadol, na kijitabu cha kliniki cha mtoto. Mtungi mmoja wa maji usiguswe usiku. Aliyepoteza kijitabu abaki hapa baada ya mazungumzo, tutaandika jina la mtoto na mahali alipochanjwa, twende tukaulizie Jumatatu.